Saa Kumi na Sita za Kusugua Kioo

Ndugu zangu, wengi wetu hapa chuoni tunasomea shahada moja huku mikono yetu ikijua kazi nyingine: huyu anapiga picha, yule anashona, dada mwingine anaoka keki za harusi. Swali ninaloulizwa kila muhula ni hili: je, kitu hicho kinaweza kunilisha? Nalijibu kwa habari za William Herschel, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Bath, Uingereza.

Mchana alifundisha muziki, usiku alitazama nyota. Darubini kubwa aliyoitaka ilikuwa ghali mno. Basi mwaka 1773 akaanza kujitengenezea: kuyeyusha shaba na bati, kumimina kwenye kalibu, kisha kusugua mpaka madini yang'ae kama kioo. Kazi hiyo haina raha hata kidogo. Dada yake, Caroline, ameandika kwamba safari moja kaka yake hakuondoa mikono kwenye kioo kwa saa 16, ikabidi amlishe matonge mdomoni.

Hapa tukae kidogo. Wapenda nyota ni wengi. Waliokubali kusugua madini kutwa nzima kwa ajili ya nyota walikuwa wachache, na vioo hivyo ndivyo vilivyomtofautisha Herschel. Mtu anayependa kamera lakini hataki kujua kupanga bei, kuandika risiti wala kukabidhi picha siku aliyoahidi, huyo anajiburudisha. Si vibaya, ila asiite kazi.

Tena hakuacha muziki mapema. Tarehe 13 Machi 1781, alipoiona sayari ya Uranus, bado alikuwa mwalimu wa muziki. Mwaka uliofuata Mfalme George III akampa paundi 200 kwa mwaka, pungufu ya alizopata kwenye muziki. Alizikubali, na pengo akaliziba kwa kutengeneza darubini za kuuza. (Caroline naye, kuanzia 1787, alilipwa paundi 50 kwa mwaka kwa kumsaidia.)

Kwa hiyo ukirudi bwenini leo, chukua daftari uandike ile sehemu ya kazi yako unayoikwepa kila mara. Ifanye hiyo kwa mwezi mzima, masomo yakiendelea, kabla hujamwomba mzee nyumbani pesa za cherehani mpya.