Fundi Mkongwe na Kijana Mpya

Siku hizi jambo hili lasikika mara nyingi majumbani mwetu. Baba aliyeitumikia kampuni kwa miaka ishirini, azijuaye mashine zake kama mkulima alijuavyo shamba lake, apewa barua ya kuachishwa kazi. Aambiwa kwamba kazi zimepungua. Lakini kabla mwezi haujaisha, vijana watokao chuoni waingia kwa mlango ule ule aliotokea yeye. Huenda mmoja wao ni mtoto wa jirani. Huenda ni mwanawe mwenyewe. Je, tufurahi au tulie? Leo twapenda kulichunguza jambo hili kwa utulivu.

Mfano ulio wazi twaupata Marekani, katika kampuni ya IBM, iliyo mashuhuri kwa kompyuta. Nchini humo sheria ya mwaka 1967 yakataza kumbagua mfanyakazi wa miaka 40 na zaidi kwa sababu ya umri wake. Hata hivyo, mwaka 2018 shirika la habari la ProPublica lilikadiria kwamba katika muda wa miaka 5 kampuni hiyo iliwaondoa kazini Wamarekani zaidi ya 20,000 wa umri huo. Mwaka 2020 tume ya serikali isimamiayo usawa katika ajira ilieleza kwamba ipo sababu ya kuamini kuwa, kati ya mwaka 2013 na 2018, wakubwa wa kampuni walisukuma wafanyakazi wazee wapunguzwe ili kuwapisha vijana waanzao kazi. Kampuni ilikana. Lakini mwaka 2022 barua za ndani zilifunuliwa mahakamani, na humo wazee hao walifananishwa na dinosau, wale wanyama wakubwa waliokwisha kutoweka duniani.

Kwa nini mwajiri hutenda hivyo? Kwanza, mshahara wa kijana ni mdogo. Pili, hudhaniwa kwamba elimu mpya yajulikana na vijana peke yao. Hatukatai kwamba kampuni iliyo hatarini yaweza kulazimika kupunguza watu, wala kwamba fundi akataaye kujifunza ajidhuru mwenyewe. Lakini ipo elimu isiyoandikwa kitabuni. Fundi mkongwe husikia mlio wa mashine akajua itaharibika wiki ijayo. Ndiye akumbukaye kwa nini waya fulani ulipitishwa huku na si kule. Siku aondokapo, elimu hiyo huondoka naye, wala haionekani katika hesabu za mwaka. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Na kijana, je, amepata faida? Amepata mshahara, nasi twamfurahia. Lakini ameingia katika karakana ambayo mwalimu wake amekwisha fukuzwa. Atajifunza kwa kuharibu, na lawama zitakuwa zake. Tena, akiwa na macho ataona kwamba barua aliyopewa mzee leo yaweza kuwa yake kesho, siku mshahara wake utakapokuwa umepanda. Basi kijana si adui wa mzee, wala mzee si kizuizi cha kijana. Wote wawili wamepimwa kwa bei tu. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ni aibu kuwatumia watu kama vyombo vya kuchumia mali.

Hapa kwetu Tanzania yafaa kila familia ijue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza ubaguzi kazini, hata ule wa umri. Mwajiri atakaye kupunguza watu yampasa kutoa taarifa mapema, na kushauriana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pasipo chama, juu ya sababu, njia za kuepuka jambo hilo, na jinsi ya kuchagua nani aondoke. Basi mtu asitie sahihi karatasi kwa hofu kabla hajaulizia haya.

Lakini tuseme pia palipo na upungufu. Kiinua mgongo kilichowekwa na sheria hiyo si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, nayo miaka ihesabiwayo huishia 10. Maana yake, aliyetumikia miaka 25 hawezi kudai kwa sheria hiyo zaidi ya siku 70, sawa na aliyetumikia miaka 10. Miaka 15 ya jasho haihesabiwi! Jambo hili vyama vya wafanyakazi vyaweza kulirekebisha kwa mikataba ya pamoja, nasi twawasihi viongozi wao walifanye.

Kwa waajiri twasema: mwajirini kijana, lakini mkalisheni karibu na mzee, hata kwa miaka miwili au mitatu, kabla ya mzee kupumzika kwa heshima. Kwa wazee twasema: msione haya kujifunza kutoka kwa mtoto. Na wewe kijana, siku ya kwanza kazini, kabla ya kuuliza mshahara hulipwa lini, uliza ni nani aijuaye mashine hii tangu zamani. Ukiambiwa kwamba amefukuzwa jana, fahamu kwamba umenyang'anywa mwalimu.