SOMO LA USALAMA KAZINI: SOLI YA NDANI YA KIATU

Waajiri, wafanyakazi na wananchi wote wanaarifiwa kuwa somo la toleo hili linahusu kitu kidogo ambacho aghalabu hakikaguliwi: soli ya ndani ya kiatu cha kazi, ile inayokanyagwa na wayo wenyewe. Mfano tumeuchukua Malindi. Si Malindi yetu ya bandarini, bali kata ya Malindi katika Wilaya ya Lushoto, milima ya Usambara, kwani huko mteremko hufichua kila kasoro ya kiatu.

Wayo wa binadamu una mifupa 26, nayo imepangwa kwa tao. Mtu atembeapo, tao hilo hushuka kidogo kisha hurudi, mithili ya springi. Sasa na atazamwe mkulima wa kabichi, au mpasua mbao wa upande wa Shume, anayeteremka na mzigo. Wayo huteleza mbele, vidole vikagonga chuma kilichomo katika ncha ya kiatu. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa ISO 20345, chuma hicho sharti kistahimili pigo la jouli 200, takriban sawa na gogo la kilo 20 linaloanguka kutoka kimo cha mita moja. Kinga iliyo ngumu kiasi hicho haizihurumii kucha. Baada ya siku chache kucha huwa nyeusi, buti huwekwa kando, na mtu hurejea penye msumeno kwa kandambili. Ajali ikitokea, si haki lawama zote kumwangukia yeye.

Soli iliyosanifiwa vyema huwa na kikombe cha kukishika kisigino, mwinuko wa wastani chini ya tao, na uso usiotelezesha soksi. Kisigino kikishikwa, na kamba zikafungwa barabara kwenye kifundo, vidole hubakiwa na nafasi. Sponji laini mno hupendwa dukani kwa kuwa hubonyea kwa kidole. Ikishakandamizwa na uzito wa mtu siku nyingi, hubaki bapa isirudi. Aidha, ulaini uliozidi humpunguzia mtu uthabiti mahali penye mawe.

Wapo wanaotandika soli ya pili juu ya ile ya kwanza. Jambo hili halifai. Wayo hupanda, nafasi chini ya chuma hupungua, na chuma kikibonyea kwa pigo huvikuta vidole havina pa kwenda. Katika viatu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kupitisha umeme tuli, soli ngeni huweza kuiondoa kinga hiyo kabisa.

Kiatu kipimwe alasiri, wakati wayo umekwisha kuvimba kwa kazi, na ipimwe miguu yote miwili. Katika baridi na mvua za Usambara, soli itolewe kila jioni ianikwe penye upepo, si juu ya jiko, maana moto huikunja.

Kuna maneno ya wauzaji kwamba soli hizi huzuia maumivu ya mgongo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2007 hayakuona hivyo. Faida yake ni kwa mguu, nayo yatosha. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asijinunulie soli ovyo. Aende hospitali apimwe.

Ama kuhusu gharama, kifungu cha 21 cha Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, chaeleza kuwa hatua za usalama kazini zisimtoze mfanyakazi fedha. Usalama na afya kazini vina Sheria Na. 5 ya 2003 kwa Tanzania Bara na Sheria Na. 8 ya 2005 kwa Zanzibar. Mwajiri anayetoa buti na kumwachia mfanyakazi ajinunulie soli ametoa nusu ya kiatu. Soli iliyochakaa irejeshwe kwake, naye atoe nyingine inayolingana na kiatu hicho.