Reki, trekta na vidole vya tanboi

Wakazi wengi wa Eldoret wana shamba mahali fulani nje ya mji: Moiben, Ziwa, Turbo au Moi's Bridge. Wengine ni wakulima wa simu. Asubuhi wako ofisini, na saa nne wanampigia dereva kumwuliza kama trekta imeanza kazi. Kuanzia Januari hadi Machi, wakati wa kutayarisha mashamba ya mahindi, simu hizo huwa nyingi. Leo tutaangalia kazi ambayo mwenye shamba huwa haiulizii kabisa, yaani kufunga chombo nyuma ya trekta. Kazi hii huchukua dakika kumi tu, lakini ndani ya dakika hizo kidole, mguu au hata maisha ya mtu yanaweza kupotea.

Tuchukue mfano wa reki. Reki ya trekta ni fremu ya chuma yenye safu ya meno marefu yaliyopinda. Hutumika kukusanya mawe na mizizi baada ya kulima, kusawazisha kiwanja cha shule au kulainisha njia ya changarawe iendayo nyumbani. Watu huiona kuwa chombo kipole kwa sababu haizunguki wala haina visu. Hapo ndipo hatari ilipo. Uzito wake waweza kupita wa watu wawili wazima, na meno yake humfanya mtu ajikwae kwa urahisi.

Trekta nyingi zina mikono mitatu ya kushikia vyombo, miwili chini na mmoja juu. Mpango huo ulibuniwa na Harry Ferguson wa Ireland miaka ya 1920, na jina lake bado limo kwenye trekta za Massey Ferguson zilizojaa Uasin Gishu. Uzuri wake ni kwamba dereva huinua chombo kwa haidroliki bila kushuka kitini. Ubaya wake ni kwamba kabla ya hapo lazima mtu aingie kati ya magurudumu makubwa na chuma kizito ili atie pini.

Mtu huyo kwa kawaida ni tanboi. Dereva anarudi nyuma polepole, tanboi amesimama katikati akipunga mkono, "rudi, rudi, bado kidogo." Mguu ukiteleza kwenye klachi, trekta huruka hatua moja na kumbana kifua dhidi ya reki. Akiwa ameingiza kidole kwenye tundu la pini ili kuona kama matundu yamelingana, mkono wa trekta ukishuka hata kwa upana wa kidole chenyewe, kidole hukatwa kama kwa mkasi. Mimi naona desturi hii ya kuongoza trekta kutoka katikati ingepigwa marufuku katika kila shamba, hata kama mwenye shamba ataonekana mkali.

Njia iliyo salama si ngumu. Reki iwekwe mahali tambarare, ikilala imara juu ya vipande vya mbao, si juu ya mteremko wala matofali yanayovunjika. Watu wote wasimame kando, mahali dereva anapowaona. Dereva arudi kwa gia ya chini kabisa akiwa amelenga katikati ya reki, asimame kabla ya kuigusa, avute breki ya mkono, aweke gia huru, azime injini na kutoa ufunguo. Hapo ndipo mtu anaingia kati. Baada ya hapo mtu yeyote asiguse usukani wala mkono wa haidroliki mpaka aliyeingia atoke.

Mkono wa chini wa kushoto hufungwa kwanza, kisha wa kulia, kwa kuwa wa kulia kwa kawaida una kikorombwe cha kuupandisha na kuushusha hadi matundu yalingane. Matundu yapimwe kwa macho au kwa mtaimbo, kamwe si kwa kidole. Mkono wa juu hufungwa mwisho, nao huzungushwa ili kuurefusha au kuufupisha mpaka reki ikae sawa. Kila pini itiwe kipini chake cha kuizuia isitoke. Pini za chini huwa za milimita 22 kwa trekta ndogo na 28 kwa kubwa, na za juu ni 19 na 25. Pini nyembamba katika tundu pana, au boliti iliyookotwa gereji badala ya pini, hulika au kukatika kazini na kuuangusha mzigo mzima. Ukitembelea shamba lako Jumamosi, angalia hapo kwanza.

Wakati wa kufungua, reki ishushwe mpaka ikae chini yenyewe, kisha mkono wa juu uanze kutolewa.

Kwa mashine ndogo za mijengoni zenye mikono mbele, ambazo wengi huziita Bobcat kwa jina la kampuni moja, reki hushikwa na bamba lenye komeo mbili. Dereva ahakikishe kwa macho yake kwamba komeo zote mbili zimeingia, kisha aikandamize reki ardhini kidogo kuijaribu. Asiwepo mtu chini ya mikono iliyoinuliwa, hata akiokota kofia.

Reki haihitaji ile shafti inayozunguka nyuma ya trekta, lakini mashine ya kukatia nyasi huihitaji. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikinasa upindo wa koti au leso, huvuta karibu mita 2 za nguo kabla mtu hajapiga kelele. Izimwe kabla ya mtu kuikaribia, na kifuniko chake kisitolewe ati kwa kuwa kinachelewesha kazi.

Ajali ikitokea, zima injini kwanza. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Pete ivuliwe upesi kabla mkono haujavimba. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Usipake mafuta ya taa, udongo wala majivu. Aliyebanwa mguu au paja kwa muda mrefu apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, na daktari aambiwe alibanwa kwa muda gani, kwani sumu kutoka kwenye misuli iliyopondeka yaweza kuharibu figo saa kadhaa baadaye.

Udongo wa shamba una vijidudu vya pepopunda. Wanawake wengi huchanjwa wakiwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawakumbuki walichanjwa lini. Chanjo hurudiwa kila miaka 10, na kwa jeraha chafu hurudiwa ikiwa imepita miaka 5.

Jeraha linalodharauliwa kuliko yote ni dogo kabisa. Mpira wa haidroliki ukitoboka, mafuta hutoka kwa nguvu zaidi ya mara 50 ya hewa iliyomo kwenye tairi la gari, na mtu akipitisha mkono kutafuta mahali panapovuja, mafuta hupenya ngozi. Kinachoonekana ni kitone kama cha sindano, na maumivu mwanzoni ni kidogo. Baada ya saa chache mkono huvimba, na nyama ya ndani huanza kufa. Dawa za kutuliza maumivu hazitoshi. Mtu huyo anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo, na Eldoret ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Atamke mapema mapokezini kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyopenya, ili asiwekwe kwenye foleni ya waliochomwa na mwiba. Mahali panapovuja patafutwe kwa kipande cha katoni.