Gari Lisipokwenda, Zima Injini
Kijitabu cha elimu ya afya kwa familia za Meru na Embu

Kwa nini tunalizungumzia jambo hili

Alfajiri, matatu katika steji za Meru, Nkubu, Runyenjes na Embu huwa zimeshawashwa zikingoja abiria. Kondakta anaita, naye dereva anakanyaga mafuta ili injini ingurume na watu waamini kwamba gari linaondoka sasa hivi, hata kama viti vingi bado ni vitupu. Upande wa Maua, pikapu za miraa hupakiwa injini zikiwaka. Kwenye lango la shule, mzazi anamngoja mtoto ndani ya gari linalonguruma.

Moshi wa magari hayo yaliyosimama haumfikishi mtu popote, na kuuzuia hakuhitaji pesa wala gari jipya. Kunahitaji mtu azungushe ufunguo.

Moshi huu una nini?

Una chembe ndogo mno, nyembamba kuliko unywele, zinazopita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu. Una gesi zinazowasha njia za hewa. Una pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyima damu oksijeni.

Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2021, WHO ilipunguza kiwango inachopendekeza cha chembe hizo hewani, kutoka wastani wa mwaka wa mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo.

Nyumba nyingi kwetu bado hupika kwa kuni. Mama aliyewasha jiko alfajiri, kisha akashinda kando ya steji akiuza ndizi, anavuta moshi mara mbili kwa siku moja.

Nani huumia zaidi?

- Watoto: hupumua haraka kuliko watu wazima, mapafu yao bado yanakua, na kimo chao kinawaweka karibu na ekzosi.
- Wajawazito, wazee, na wenye pumu au maradhi ya moyo.
- Wanaoshinda barabarani: makondakta, madereva, wachuuzi na waendesha bodaboda.

Tunayoambiana, na ukweli wake

*"Injini lazima ipate joto kwanza."* Asubuhi za Julai huko Timau na Manyatta ni za baridi kweli. Hata hivyo, gari la kisasa la petroli linahitaji kama nusu dakika tu. Baada ya hapo liendeshe taratibu. Injini hupata joto upesi zaidi gari likiwa linakwenda.

*"Kuzima na kuwasha kunakula mafuta."* Ukisimama zaidi ya sekunde 10 hivi, kuzima ndiko kunakookoa mafuta.

*"Nikizima, halitawaka tena."* Basi betri au stata ni mbovu. Mpelekee mekanika, kwa maana siku moja gari hilo litakuacha njiani.

*"Gari langu lina turbo."* Baada ya kupanda mlima na mzigo, iache injini ipoe kwa dakika moja au mbili, kisha izime.

Hesabu ya mfukoni

Gari dogo lililosimama likiwaka hutumia takriban nusu lita hadi lita moja ya mafuta kwa saa. Tuseme dereva anangoja dakika 20 mara tatu kwa siku. Hiyo ni saa nzima. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, amechoma lita 13 au zaidi bila kubeba abiria hata mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Hatari ya ghafla

Usiwashe gari, pikipiki wala jenereta ndani ya gereji au chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache. Usimwache mtoto alale ndani ya gari linalowaka. Dalili za sumu ya kaboni monoksaidi ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Ukiziona, mtoe mgonjwa nje penye hewa, piga simu 999 au 112, na umpeleke hospitalini bila kuchelewa.

Kila mtu na kazi yake

- Nyumbani: kamilisha maandalizi yote kabla ya kuwasha gari. Ukimfuata mtu, mpigie simu atoke, ukiwa umezima.
- Shuleni: walimu na wazazi wakubaliane kwamba kila gari langoni huzimwa, basi la shule likiwa la kwanza.
- Kwenye steji: sako (vyama vya matatu) ziweke zamu ya kupakia, na gari lililo nyuma kwenye foleni lizimwe. Abiria nawe sema kwa heshima: "Dereva, tafadhali tuzimie injini hadi gari lijae."
- Kwenye baraza la chifu na mikutano ya Nyumba Kumi: mwalikeni mhamasishaji wa afya wa kijiji aeleze madhara ya moshi.

Gari la wagonjwa lililo kazini na gari lililo kwenye foleni inayosonga hayaguswi na ushauri huu.

Haki yako

Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo, bajeti ya kaunti inapojadiliwa, hudhuria na uulize steji na masoko yetu yamepangiwa nini.

Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia mwanzoni mwa 2006, na tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimehamia dizeli yenye salfa kidogo. Mabadiliko hayo yalikuwa kazi ya serikali. Kuzima injini ni kazi yetu, na haihitaji kungoja sheria mpya. Ukisimama leo kumngoja mtu, zima injini, na umwombe jirani yako afanye vivyo hivyo.