Utulivu Barabarani
Ndugu zangu, nikitoka Kasese kwenda Bwera kwa pikipiki, nikishapinda Kikorongo nafsi hunivuta kukaza mwendo, hasa Ijumaa.

Mtume (s.a.w.), akiondoka Arafa, alisikia watu wakiwapiga ngamia wakimbie. Akawaashiria kwa mjeledi wake watulie, akawaeleza kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza. Usama bin Zayd (r.a.), aliyepanda nyuma yake, anasimulia kuwa Mtume alikwenda mwendo wa kadiri, na akipata uwazi aliongeza. Kwa hiyo mwendo wenyewe si haramu. Kinachotazamwa ni nafasi. Bwera siku ya soko, watu wakielekea mpakani Mpondwe na mizigo kichwani, uwazi uko wapi?

Tena swala yenyewe tumeamrishwa kuiendea kwa utulivu: tunachokidiriki tunaswali, kilichotupita tunakamilisha. Rakaa iliyonipita nitaikamilisha imamu akishatoa salamu.