Kuchagua Mashine ya Kuvuna na ya Kukata Majani

Ndugu mkulima wa skimu, mtu akisha kupata shamba, jambo linalofuata kumnyima usingizi ni mashine. Amwona jirani anayo, naye aitaka. Katika somo hili hatutasema habari za trekta. Twende nyuma mpaka mwaka 1857, katika jimbo la Illinois, Marekani, tumtazame mkulima mmoja wa mfano. Tuseme ana eka 80, farasi wawili, eka 30 za ngano, eka 10 za majani ya kukausha kwa mifugo, na deni la ardhi. Akichagua vibaya, deni litammeza. Basi tuchague pamoja naye.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Ngano ikiiva haimngoji mtu. Ina siku kumi hivi, au wiki mbili hali ya hewa ikiwa nzuri, kisha punje hupukutika au mvua huilaza chini. Kwa hiyo haifai mkulima apande eka zote awezazo kulima. Apande zile awezazo kuvuna katika siku hizo chache. Mtu mwenye mundu wa kawaida hukata kama nusu eka kwa siku, au zaidi kidogo. Mwenye mundu mrefu wa mikono miwili, uliotiwa vidole vya mti vya kukusanya mabua, hukata kama eka mbili, na nyuma yake yuko mwenzake anayefunga miganda. Vibarua wa mavuno walikuwa haba na ghali, maana kila shamba liliwataka wiki ile ile.

Mashine zilikwisha kuwapo. Obed Hussey alipata hati ya serikali ya kulinda mashine yake ya kuvuna mwaka 1833, na Cyrus McCormick akapata yake mwaka 1834. Kisu chenye meno kilikwenda huku na huku upesi kati ya vidole vya chuma, kikiendeshwa na gurudumu lenyewe farasi walipokokota. Mwaka 1847 McCormick alihamia Chicago, ili kiwanda chake kiwe karibu na mashamba mapya ya ngano.

Mashine hiyo ilikata eka 10 mpaka 12 kwa siku. Lakini sikiliza sana: ilikata tu. Ilihitaji mtu wa kuongoza farasi, mtu wa kuivuta ngano iliyokatwa ianguke chini, na watu watano au zaidi wa kufunga miganda. Mkulima aliyeinunua akidhani ameagana na vibarua alijidanganya. Tena bei yake ilizidi dola 100. McCormick aliwakopesha wakulima: fedha kidogo mwanzoni, zilizobaki baada ya mavuno. Mkopo huo ulisaidia wengi, ila ngano iliponyeshewa, deni halikunyeshewa.

Sasa tupige hesabu. Kila eka inayokatwa kwa mashine huokoa mishahara kidogo. Lakini gharama ya kuwa na mashine ni karibu ile ile, ikate eka 10 au eka 50. Mwaka 1966 mtaalamu wa historia ya uchumi, Paul David, alichunguza jambo hili. Aliona kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1850 mkulima wa sehemu zile alihitaji kama eka 46 na nusu za ngano na nafaka za namna hiyo ndipo mashine ijilipie. Mishahara ya vibarua ilipopanda, kiasi hicho kilishuka hata kufika eka 35 hivi.

Mkulima wetu ana eka 30. Je, asinunue? Peke yake, asinunue. Lakini mwaka 1975 Alan Olmstead alionyesha kwamba wakulima wa wakati ule hawakukaa kila mtu peke yake. Katika madaftari ya mauzo ya McCormick yamo majina ya watu wawili au zaidi walionunua mashine moja kwa shirika, na wengine waliwavunia majirani kwa malipo. Mkulima wetu akishirikiana na jirani mwenye eka 25, wana eka 55, kazi ya siku tano au sita. Mapatano yaandikwe kabla ngano haijaiva: nani aanze mwaka huu, nani alipe kisu kikivunjika, na mashine italala kwa nani. Jirani mwema husahau maneno ya mdomo sawasawa na jirani mbaya.

Yamebaki majani. Hapa wengi walikosea. Majani hukatwa karibu sana na ardhi, nayo ni mororo na yenye maji, hukwama katika kisu kiendacho polepole. Ngano hukatwa juu zaidi na mabua yake ni makavu. Kwa hiyo mashine njema ya ngano yaweza kuwa mbaya kwa majani. John Manny wa Rockford, Illinois, alitengeneza mashine ya kufanya kazi zote mbili. (McCormick alimshtaki kwamba ameiba ufundi wake, akashindwa mwaka 1856, wakili mmoja wa upande wa Manny alikuwa Abraham Lincoln, aliyekuwa Rais baadaye.) Naye Lewis Miller wa Canton, Ohio, alitengeneza mashine ya majani ya magurudumu mawili, ambayo mkono wake wa kukatia ulifungwa kwa bawaba, ukapanda na kushuka kufuata ardhi.

Mimi ningemshauri hivi. Kama maziwa ndiyo mali yake, achukue ile ya magurudumu mawili, ngano aikodishie mashine. Lakini yeye ana ngano nyingi kuliko majani, basi yeye na jirani wanunue ile ya kazi mbili. Kwanza wang'oe visiki na kuokota mawe, maana jiwe moja huvunja kisu na kusimamisha kazi siku nzima. Tena waulize vipuri vyapatikana wapi.

Huenda ukasema, mbona asingoje mashine bora? Ni kweli zilikuja. Katika miaka ya 1870 zilitokea zenye kufunga miganda kwa waya, lakini vipande vya waya viliingia katika chakula cha ng'ombe. Mwaka 1878 John Appleby alipata hati ya mtambo wa kufunga kwa kamba, na kamba hiyo baadaye ndiyo iliyoipa katani ya Afrika Mashariki soko kubwa. Lakini zilikuwa nzito, zikahitaji farasi watatu au zaidi. Mkulima wetu ana wawili, na ngano yake itaiva Julai hii.

Hesabu ya kufanya nyumbani: Majirani watatu wana eka 12, 18 na 10 za ngano, na mashine moja ikatayo eka 10 kwa siku. Ngano yote imeiva siku moja, nayo haiwezi kungoja zaidi ya siku kumi. Mvua ikinyesha siku tatu, na kisu kikivunjika mara moja na kuchukua siku mbili kupatikana kingine, je, mwenye zamu ya mwisho atamaliza siku ya ngapi? Na mwenzao wa nne mwenye eka 20 akiomba kuingia, mtamkubali?