Sikio Kabla ya Ulimi: Maswali ya Wanaojifunza Matamshi ya Kiingereza Nairobi

Nairobi mtu anaweza kuchekwa kwa Kiingereza chake kwa njia mbili. Akitamka kwa sauti za lugha ya nyumbani, watu husema "anashrub". Akijitia kuzungumza kama mzaliwa wa London au Atlanta, husema "anatweng". Katikati ya vicheko hivyo wapo wanaohudhuria madarasa ya jioni katikati ya jiji, wanaotafuta kazi za kupokea simu Westlands, na wauguzi wanaojiandaa kwa mtihani wa kwenda ng'ambo. Maswali yao hufanana, na majibu yaliyo hapa yote yanashikilia hoja moja: mazoezi ya matamshi huanzia sikioni, na muda wa mwanafunzi utumike kwa yale machache yanayompoteza msikilizaji, mengine yaachwe yalivyo.

Nimesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mbona matamshi bado yananisumbua?

Kwa sababu shule ilikupima kwa kalamu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina alama 60, na nusu yake, alama 30, zimetengewa stadi za kuzungumza. Lakini stadi hizo hupimwa kimyakimya. Mtahiniwa hupigia mstari silabi yenye mkazo, huandika neno linalotamkwa sawa na jingine, huonyesha herufi isiyosikika. Anaweza kuzoa alama zote bila kufungua kinywa. Simlaumu mwalimu wa darasa lililofurika; kumsikiliza kila mwanafunzi kunataka muda ambao ratiba haimpi. Ila mtu humaliza kidato cha nne akiwa ameikariri kanuni ya sauti ambayo sikio lake halijawahi kuitenga na sauti ya jirani.

Na sikio ndilo penye kazi. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza, ukijumlisha na zile zinazoungana, kina takriban 20. Sikio la mtu mzima hufanya kazi kama karani wa masjala mwenye faili tano: kila barua inayoingia ataisukuma katika mojawapo, hata kama haikuandikiwa ofisi hiyo. Ndiyo maana kwa Wakenya wengi "hat", "hut", "heart" na "hurt" huishia kwenye "a" moja, na "ship" na "sheep" kwenye "i" moja. Alfred Buregeya, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyechapisha kitabu kuhusu Kiingereza cha Kenya mwaka 2019, ni miongoni mwa walioeleza sura hii ya Kiingereza chetu. Si uzembe wa mtu mmoja mmoja. Ina utaratibu wake, na chenye utaratibu kinaweza kushughulikiwa kwa utaratibu.

Basi nifanye zoezi gani?

Kwanza acha lile la kusimama mbele ya kioo na kurudia neno. Kasoro yake ni kwamba anayerudia ndiye anayejisahihisha, na sikio lake ndilo lililokosea tangu mwanzo. Akisema "sheep" mara 50 kwa irabu ile ile ya "ship", amelizoeza kosa mara 50.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi unatoka kwa Wajapani, watu wenye shida ambayo Nairobi inaifahamu vizuri: l na r. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni walichapisha utafiti ambamo Wajapani walisikilizishwa jozi kama "rock" na "lock" kutoka kwa wasemaji mbalimbali. Kila mara walichagua walichosikia, na papo hapo wakaambiwa kama wamepatia. Masikio yao yaliboreka. Mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake wakaonyesha jambo kubwa zaidi: Wajapani waliozoezwa kwa njia hiyo, wakisikiliza tu bila zoezi lolote la kutamka, walitamka vizuri zaidi baada ya mafunzo. Hawakuwa watoto. Kwa hiyo anayesema kwamba mlango wa sauti mpya hufungwa utotoni anatia chumvi. Mlango huwa mzito, lakini husukumika.

Zoezi hilo halihitaji maabara. Aliyesoma Kiswahili shuleni Kenya anavijua vitate: kura na kula, shaka na saka. Andika vitate 10 vya Kiingereza vya sauti moja tu inayokusumbua, kwa mfano "ship/sheep", "fill/feel", "live/leave". Mwenzako anayezitenga sauti hizo vizuri akae nyuma yako, usione midomo yake, asome neno moja katika kila jozi. Andika ulichosikia na akwambie hapo hapo. Ukipatia 5 kati ya 10, unabahatisha tu. Ukifika 9 na kubaki hapo siku kadhaa, geuzeni: wewe soma, yeye aandike. Hapo ndipo ulimi unapoingia kazini, na hakimu ni msikilizaji ambaye hakujua ulikusudia neno gani. Ukiwa peke yako, kamusi ya Cambridge mtandaoni ina sauti ya Uingereza na ya Marekani kwa maneno mengi, na simu itakurekodi. Sikiliza rekodi yako kesho yake, ukiwa umesahau ulivyokusudia.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni idadi ya sauti za wasemaji. Katika tafiti hizo sauti zilikuwa nyingi makusudi, kwa sababu anayemsikiliza mwalimu mmoja huishia kumjua mwalimu huyo badala ya kuijua tofauti yenyewe. Nairobi ina utajiri huu bila malipo. Kuna watangazaji wa idhaa ya Kiingereza ya KBC, Wakenya wenye asili ya Kihindi wa Parklands, wahubiri wa kila namna, na watu wa mataifa mengi walioletwa Gigiri na Umoja wa Mataifa, ambao shirika lake la mazingira, UNEP, lilianzishwa mwaka 1972 na makao yake yakawekwa hapa. Dakika chache za kusikiliza kila siku kwenye matatu ya 46 kuelekea Kawangware zatosha, ikiwa dereva amekubali kupunguza muziki.

Kiingereza cha Kenya ni chetu. Kwa nini nibadili chochote?

Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Wakenya wawili wakizungumza, "staff" na "stuff" zikisikika sawa, muktadha huwaokoa, na hakuna aliyepoteza kitu. Kumtaka mtu abadili irabu zake zote ili kufanana na watu wa kisiwa cha mbali ni kumwibia muda. Swali langu ni finyu zaidi: ni wapi muktadha hauokoi? Hauokoi kwenye majina ya watu, namba, majina ya dawa na anwani inayosomwa kwa simu. "Thirteen" ikipoteza n yake ya mwisho huwa "thirty", na laki moja na thelathini elfu si laki moja na kumi na tatu elfu.

Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alitazama mazungumzo ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, akatafuta sauti zinazovunja mawasiliano kweli. Konsonanti nyingi zilikuwemo, pamoja na tofauti ya irabu ndefu na fupi. Sauti za "th", zinazowaumiza walimu vichwa duniani kote, alizitoa kwenye orodha. Kuhusu konsonanti zinazofuatana, aliona kuongeza irabu katikati kunadhuru kidogo kuliko kudondosha konsonanti. Hiyo ni nafuu kwetu, maana mtu aliyekulia kwenye "filamu" na "benki" huelekea kuongeza.

Zaidi ya hapo orodha hutegemea nyumbani kwa mtu. Gĩkũyũ hakina l. Dholuo hakina sh wala z. Katika Kikalenjin tofauti ya p na b, au t na d, haitenganishi maneno. Mzungumzaji wa Gĩkũyũ na mzungumzaji wa Dholuo hawana sababu ya kufanya zoezi moja kwa sababu tu wako darasa moja. Na hapa Kiswahili ni hazina inayodharauliwa. Kinatenga l na r, s na sh, p na b, na hata "th" na "dh" kinazo katika thelathini na dhahabu. Aliyezipata tofauti hizi katika Kiswahili asijifunze upya katika Kiingereza, azihamishe. Asiyezipata anaweza kuanzia kwenye vitate vya Kiswahili, ambavyo maana zake tayari anazijua.

Nimeambiwa tatizo langu ni mkazo, si sauti. Ni kweli?

Huenda ni kweli, na pengine ndilo eneo lenye faida kubwa kwa muda mfupi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubishi, na mzungumzaji huhamisha desturi hiyo: "calendar" hubebwa na silabi ya kati badala ya ya kwanza. Lakini mkazo wa neno ni nusu tu. Nusu nyingine ni mkazo wa sentensi, na hapa lugha hizi mbili hutumia vifaa tofauti kabisa. Tukitaka kusisitiza nani alilipa kodi ya nyumba, twasema "Yeye ndiye aliyelipa kodi", tukitaka kusisitiza alicholipa, twapindua sentensi: "Alicholipa ni kodi." Sarufi hufanya kazi yote. Mwingereza huacha maneno yalivyo, "She paid the rent", akakaza sauti kwenye "she" au kwenye "rent". Anayekaza kila neno sawasawa amemnyima msikilizaji taarifa ambayo kwa Kiswahili angeitoa kwa "ndiye".

Mwaka 2004 Laura Hahn alichapisha jaribio lililofanywa Marekani: mhadhara mmoja wa mtu mwenye lafudhi ya kigeni katika matoleo matatu, moja lenye mkazo mahali pake, la pili mahali pasipofaa, la tatu bila mkazo. Wasikilizaji wa toleo la kwanza walikumbuka mengi zaidi. Zoezi linalotokana na hayo ni jepesi. Andika sentensi tano za Kiswahili zenye ndiye, ndicho au ndipo, kila moja uiseme kwa Kiingereza bila kuongeza neno, sauti pekee ibebe msisitizo. Mwenzako akisie ulikusudia nini.

Na vitanzandimi? Na kuigiza filamu?

Vitanzandimi hufundisha kasi kwa anayezitenga sauti tayari. Kwa asiyezitenga ni kichekesho tu. Kumfuata msemaji nyuma kwa nyuma, ukisema pamoja naye nusu sekunde baadaye, ni bora zaidi, hasa kwa mkazo na mapumziko. Chagua msemaji wa taarifa ya habari. Mwigizaji wa filamu hunong'ona, hulia na kukatiza wenzake.

Mwajiri anataka lafudhi ya Kimarekani. Hoja yako itanilipia kodi?

Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, kazi ya kuwahudumia kwa simu wateja walio ng'ambo iliwezekana Nairobi kwa namna ambayo setilaiti haikuiruhusu, na mwajiri ana haki ya kutaka mteja aelewe. Swali ni kama lafudhi ndiyo kueleweka. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, watafiti wa Kanada, waliwapa wazawa wa Kiingereza rekodi za wazungumzaji wa Kimandarini. Sentensi nyingi ambazo wasikilizaji walisema zina lafudhi nzito, wao wenyewe waliziandika neno kwa neno bila kosa. Lafudhi nzito na kutoeleweka ni vitu viwili. Mtihani wa IELTS nao hutoa robo ya alama za kuzungumza kwa matamshi, na linaloulizwa hapo ni kama msikilizaji anaelewa bila taabu, si kama mtahiniwa anasikika kama Mwingereza.

Hata hivyo sitamdanganya msomaji kwamba dunia ni ya haki. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia aliwapa wanafunzi mhadhara uliorekodiwa na Mmarekani mmoja. Kundi moja lilionyeshwa picha ya Mzungu, jingine picha ya mtu mwenye sura ya Kiasia. Sauti ilikuwa ile ile, lakini waliotazama picha ya pili walielewa kidogo kuliko wenzao, na wengine wakaisikia lafudhi isiyokuwepo. Ubaguzi wa aina hiyo hauponywi na zoezi lolote la ulimi wa anayebaguliwa. Tweng huishughulikia sehemu hiyo isiyoponyeka, na hugharimu: akili inayolinda lafudhi ya kukopa imegawanyika, na simu ikiwa ngumu, lafudhi hiyo huwa ya kwanza kuporomoka. Bora nguvu hizo ziende kwenye namba, majina na mkazo.

Programu ya simu inaweza kuwa mwalimu?

Inaweza kuwa mshirika wa mazoezi. Fungua uandishi kwa sauti, soma vitate, uone inaandika nini. Google ina hata chaguo la Kiingereza cha Kenya. Lakini usiifanye hakimu. Utafiti wa Allison Koenecke na wenzake wa mwaka 2020 ulipima mifumo ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, ukakuta wastani wa makosa wa asilimia 35 kwa Wamarekani weusi na asilimia 19 kwa weupe. Hao ni wazawa wa Kiingereza. Programu ikikuandika vibaya, wape binadamu wawili wasikilize kabla ya kujilaumu.

Nikijitambulisha kazini, jina langu nalo nilitamke Kizungu?

Hapana. Katika jina lako hakuna mwenye mamlaka zaidi yako. Litamke kwa mwendo wa pole, silabi zote zisikike, na ikibidi litaje herufi kwa herufi. Hapo ndipo mazoezi ya majina ya herufi a, e na i kwa Kiingereza yanapolipa. Wasikilizaji hujifunza wakipewa nafasi. Enzi za ukoloni Waingereza waliitamka nchi hii "Kiinya". Baada ya uhuru wa 1963 matamshi ya wenye nchi yalishika, na leo kamusi zao zinayaweka mbele.